Folda Iliyoitwa Ndani

Wanawake waliokaa karibu nami kwenye hitima ya Bi. Rukia waliona sitoi chozi, na mmoja akanigusa kwa kiwiko akaninong'oneza, "Maryamu, hata kwa heshima tu?" Nikamwambia heshima nimekuja nayo, ndiyo maana nimenyamaza. Tulikuwa tumejazana kwenye msana, ule ukumbi wa ndani wa nyumba yao, kule Mkomani, Lamu, kisomo kimekwisha, kahawa inazunguka, na ndipo ilipoanza ile kazi nyingine ya msibani, kumpamba marehemu. Huyu alisema Bi. Rukia hakuwahi kumrudisha mtu mlangoni. Yule akasema mkono wake ulikuwa mwepesi kwa sadaka. Hayo ni kweli na nilitikisa kichwa. Kisha binti wa dada yake akasema, huku akijipangusa macho kwa ncha ya mtandio, "Khaloo alikuwa sitara ya watu. Siri ukimpa yeye umeizika." Nikaweka kikombe chini, nikatafuta viatu vyangu kwenye rundo pale nje, nikaondoka. Mungu amrehemu, sina mamlaka ya kumzuilia rehema. Lakini siri yangu hakuizika. Aliiweka mahali ambapo mtu aliyekuwa akinipiga aliisoma kabla ya mtu niliyemwandikia, na kwa sababu hiyo mwanangu aliondolewa kifuani mwangu. Yeye alijua, akanyamaza mpaka wakamtia kaburini, na mimi sina nia ya kunyamaza mpaka wanitie langu.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kwenye hoteli moja ndogo Ras Kitau, upande wa Manda, ule ufukwe unaotazamana na Shela. Nilikuwa na cheti cha fomu foo na Kiingereza cha kutosha kumwambia mgeni wa Ulaya kwamba ndege yake imechelewa bila kumfanya alie. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jiko, hakina dirisha la kutazama bahari kwa sababu madirisha hayo yalikuwa ya wageni. Letu lilitazama kamba za kuanikia mashuka. Tangu asubuhi tulinusa vitunguu vya watu wengine vikikaangwa. Feni ilikuwa ikizunguka na kulia kama mtu mwenye pumu, na meza mbili zilikuwa zimekabiliana, yangu na ya Bi. Rukia, mkuu wa ofisi. Yeye alivuka kila asubuhi kutoka Lamu mjini na boti ya wafanyakazi, buibui lake limepigwa pasi, mkononi sahani iliyofunikwa kwa kawa. Hakupenda chakula cha jikoni pale. Alisema wali wa hotelini umepikwa na watu wasiojua utaliwa na nani. Saa sita alifunua sahani yake, akaisukuma katikati ya meza, akasema, "Ndoo ule, mwanangu. Mtu hali peke yake kama paka." Nikala naye mwaka mzima, mchuzi wa papa, mikate ya mofa, samaki wa kupaka. Nasema haya ili mtu asidhani nilimchukia tangu mwanzo. Nilimpenda yule mwanamke, na hasira yangu imeota hapo hapo kwenye mapenzi, wala haing'oki.

Sasa inabidi nieleze habari ya barua pepe, maana bila hiyo hakuna mtu atakayeelewa kilichonipata. Hoteli ilikuwa na sanduku moja la barua pepe, na ndani yake folda. Folda kubwa iliitwa Wageni, ambamo barua zote za watu wanaokuja zilitiwa. Manahodha wa spidiboti walihitaji kujua nani anatua uwanja wa ndege, saa ngapi, ana mizigo mingapi, anaogopa maji au haogopi. Kwa hiyo kwenye banda la maboti kuliwekwa kompyuta kuukuu, manahodha wote wakatumia akaunti moja, na akaunti hiyo ikapewa ruhusa ya kusoma folda ya Wageni. Kusoma tu, si kuandika wala kufuta. Hilo lilikuwa jambo la busara na halikumdhuru mtu. Madhara yalikuja pale Bi. Rukia alipoamua kulipanga sanduku lile. Barua zilikuwa zimechanganyika, ya mgeni anayeulizia chandarua iko juu ya barua ya onyo la mpishi, na yeye alikuwa mtu wa nyumba kubwa, hakuweza kuvumilia chumba kisicho na mpango. Ndani ya Wageni akatengeneza folda ya Wafanyakazi. Ndani ya Wafanyakazi akatengeneza nyingine, akaiita Ndani, ya mambo ya siri: maonyo, maradhi, ugomvi, maombi ya mtu asiyetaka jina lake litajwe. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake akiitengeneza, nikamuuliza kwa nini asiiweke kando, peke yake.

Akanigeukia akacheka. "Weye umelelewa nyumba gani? Mgeni mwisho wake ni daka. Akiwa jamaa atakaribishwa msana wa tini. Msana wa yuu ni wa watu wa nyumba. Na ndani ni ndani, huingia mwenye ndani. Kitu ukitaka kisionekane, wakiweka kando ya mlango, au wakipeleka mbali?"

"Mbali, Bi."

"Basi. Hata shetani hatoiyua ndia."

Na mimi niliona ni maneno ya akili, kwamba njia ya huko hata shetani hataijua. Mtu yeyote aliyekulia mji ule angeona hivyo. Nyumba zetu zimejengwa hivyo, chumba nyuma ya chumba, na kila hatua unayoingia ndivyo macho ya watu yanavyobaki nyuma yako. Mgeni anaweza kukaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, miaka arobaini asijue rangi ya pazia la ndani. Tumezoea kwamba umbali ndio ulinzi, hata hatujui kwamba ni mazoea. Lakini yule aliyetengeneza sanduku la barua pepe hakuzaliwa Mkomani. Huko folda ikizaliwa ndani ya nyingine hurithi ruhusa za iliyoizaa. Aliyekaribishwa dakani amekwisha kukaribishwa mpaka kitandani, na hakuna mtu anayekuambia, hakuna kengele inayolia, hakuna hata alama nyekundu. Kadiri Bi. Rukia alivyozidi kuzipeleka siri zetu ndani, ndivyo alivyokuwa akiwapangia manahodha njia ya kuzifikia, chumba baada ya chumba, milango wazi.

Wa kwanza kuumia alikuwa Shee, mpishi. Aliandikiwa onyo kuhusu kamba waliotoweka kwenye stoo kabla hawajafika sahani ya mgeni, na kesho yake, alipopita bandani kuomba boti ya sokoni, nahodha mmoja aitwaye Famau akainua mguu kutoka majini akapiga kelele, "Yallah! Kamba amenishika! Shee, ndoo umchukue wako!" Banda zima likaanguka kwa kicheko. Shee alikuja ofisini ameshika kisu cha vitunguu, nadhani alikisahau mkononi, akasema kama barua zake ni za kusomwa bandani basi bora zibandikwe msikitini. Meneja wetu, Bwana Mutua, mtu wa bara, alikaa kwenye kompyuta ya Bi. Rukia akatafuta tafuta. Akakuta ile akaunti ya Maboti ina ruhusa ya kusoma Wageni. Akaiondoa. Akawatengenezea manahodha folda yao, kando kabisa, ya saa za ndege tu, na kwenye Wageni akawaachia kuona jina la folda bila kusoma kilichomo. "Kwisha maneno," alisema, akisugua mikono. "Nimefunga pale juu. Kama juu kumefungwa, chini wataingilia wapi?" Bi. Rukia akamjibu kwa fahari, "Mlango mkuu ukifungwa, nyumba imefungwa." Na wakaridhika, wote wawili, mmoja wa Lamu na mmoja wa bara, kwa kosa lile lile. Hakuna aliyefungua Ndani kutazama nani anaruhusiwa. Hakuna aliyeona haja ya kumpigia fundi.

Mume wangu Athman alikuwa mmoja wa manahodha hao. Alikuwa akinipiga. Sitatafuta neno jingine la kulainisha. Tulikaa kwenye vyumba vya wafanyakazi nyuma ya mikandaa, ukuta wa matofali upande wetu na ukuta wa makuti upande wa pili, na kila mtu aliyelala mstari ule alisikia. Asubuhi wakinisalimu walitazama miguu yangu. Binti yetu Nuru alikuwa bado ananyonya, ameanza kusimama kwa kushika kitanda. Siku Athman aliponipiga nikiwa nimempakata, na mkono wake ukamparuza mtoto sikioni, ndipo nikaamua kuondoka. Hoteli ile ilikuwa na kambi ndogo Kiwayu, nayo ilihitaji mtu wa kupokea wageni. Kiwayu ni mbali, unakwenda na boti ya mahitaji inayotoka mara moja moja, na kule shangazi yangu aliolewa. Nilimweleza Bi. Rukia tukiwa tunakula. Hakushangaa. Alichambua mnofu wa samaki akauweka upande wangu, akasema, "Andika."

"Nimekwisha kukwambia, Bi. Mwambie Bwana Mutua kwa mdomo."

"Mutua yuko likizo kwao, na hataki la mdomo, ataka karatasi ama kompyuta. Andika kila kitu. Waondoka lini, wataka kukaa kwa nani, na kwamba mumeo asiyue. Nami nitaitia Ndani mpaka arudi aisome, kabla ya boti kutoka."

"Wale wa bandani?"

Alinitazama kama niliyemtukana. "Si walifungiwa? Weye waniona mimi mtoto?"

Basi nikaandika. Nilimaliza, nikamwona akiisogeza barua kwa kidole chake kilichopakwa hina, Wageni, Wafanyakazi, Ndani, kama mtu anayebeba taa kupeleka chumba cha mwisho. Akanawa mikono, akasema mtoto atakua, haya yatapita. Nikamwamini. Nilirudi chumbani nikaanza kupunguza nguo za Nuru kwenye kamba, moja moja, ili siku ya kuondoka kamba isionekane imekuwa tupu ghafla. Athman alikuwa mpole siku zile, na mimi, mpumbavu wa watu, nikadhani Mungu ananirahisishia. Alileta hata halwa. Alikaa mlangoni akampigisha Nuru makofi, akamwimbia. Leo najua upole ule ulitoka wapi, alikuwa amekwisha kusoma. Alikuwa anajua siku, boti, na jina la shangazi yangu, na alikuwa anakula halwa pamoja nami akisubiri.

Asubuhi ya siku moja kabla ya safari nilimwacha mtoto na baba yake, zamu yake ilikuwa ya mchana. Wageni wawili wakapiga simu kutoka uwanja wa ndege kwamba wameshatua, nami nikatelemka bandani kuomba boti. Manahodha walikuwa wanakunywa chai kwa viazi karai, wamekaa juu ya madumu ya petroli, kompyuta imewashwa nyuma yao. Nilipofika Famau akasema, bila kunitazama, "Shemeji, Kiwayu kuna upepo. Mtoto umemtilia sweta?"

Mwingine akasema, "Nyamaza weye."

"Nimemuuliza habari ya sweta tu. Mtoto akipata mafua atalaumiwa nani, si baba?"

 Nilipita katikati yao mpaka kwenye kompyuta. Folda ya Wageni ilikuwa pale, jina tu, tupu ukiifungua. Lakini chini yake kulikuwa na Wafanyakazi, na chini yake Ndani, na nilipobonyeza Ndani ikafunguka kama mlango wa choo, na barua yangu ikawa ya kwanza. Sikusoma. Nilikimbia mchangani na kiatu kimoja. Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa, jambo ambalo Athman hakuwahi kulifanya tangu anioe, na chandarua kimefungwa fundo. Chupa ya maji ya Nuru haikuwapo. Leso niliyokuwa nikimbebea haikuwapo. Jirani akatoa kichwa akaniambia, "Amesema ampeleka kwa bibi yake kijijini Kizingitini, kupata hewa. Ulikuwa huyui?" Nilipojaribu kusema, maziwa yalitoka, yakalowesha blauzi mbele ya mwanamke yule, nikabaki nimesimama hivyo.

Niliingia ofisini kwa Bi. Rukia bila salamu. Nikamwambia wamesoma. Akasema haiwezekani, mlango ulifungwa, na kama haikuwezekana kwa kompyuta basi imewezekana kwa mdomo. "Utakuwa umemwambia mtu, mwanangu. Wasichana wa siku hizi hamna kifua." Hivyo ndivyo alivyosema, na mimi maziwa yananitiririka tumboni. Bwana Mutua aliporudi likizo mchana ule akaambiwa hivyo hivyo, kwamba Maryamu ameropoka. Lakini nilimshikilia mpaka akampigia fundi wa kompyuta aliyekuwa Mombasa, akaweka simu kwenye spika, tukaizunguka watu watatu. Fundi alikuwa kijana, anatafuna kitu. Tulimsikia akigonga gonga, halafu akasema, "Eh. Hii folda ya Ndani, wale watu wa boti bado wako."

"Niliwatoa," alisema Bwana Mutua.

"Uliwatoa kwa Wageni, boss. Huku hukuwatoa. Folda ikizaliwa ndani ya ingine inakopi ruhusa za mamake siku hiyo hiyo. Baada ya hapo kila mtu na zake. Ukimtoa mtu kwa mama, mtoto habadiliki. Ilikuwa uingie kila moja, umtoe huko pia."

"Kwa hivyo walikuwa wanaona siku zote?"

"Siku zote. Tangu ifunguliwe. Kwani haikuwa sawa?"

 Bwana Mutua alisema asante, akakata simu, akatoka nje akidai ana wageni. Nikamtazama Bi. Rukia. Nilikuwa namngojea, na sitaki mtu aniambie nilitaka makubwa. Nilitaka neno moja tu, nimekosa. Alivuta mtandio, akaweka kalamu zake sawa, akasema, "Ni kadari ya Mungu, Maryamu. Lililoandikwa haliepukiki." Nikamwambia Mungu hakuunda folda. Akasema, "Astaghfirullah," na akaniambia nikapumzike. Jioni alinitumia sahani ya wali wa nazi na kuku, na kawa yake juu. Niliirudisha kama ilivyo. Alituma tena, nikarudisha tena. Na mjini habari ikabaki ile ile ya kwanza, kwamba msichana mwenyewe alikuwa na mdomo, na yeye aliyekuwa ameisikia simu kwa masikio yake hakumsahihisha hata mtu mmoja. Mwanamke aliyejua kufunika sahani, kichwa, makosa ya wenzake, alishindwa kunisitiri mimi. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani angekubali kosa lile angekubali kwamba ule mpango wa vyumba aliolelewa nao, aliouamini kuliko macho yake, haukumsitiri mtu. Hilo lilikuwa zito kuliko mimi na mwanangu. Naelewa. Kuelewa hakujanipunguzia hasira hata chembe, na sioni kwa nini kunipunguzie.

Kiwayu sikwenda. Niliacha kazi, nikahamia kwa rafiki yangu mtaa wa Langoni, nikaenda kwa Kadhi, maana ningefika Kizingitini peke yangu Athman angenipiga tena. Athman hakuja kikao cha kwanza, wala kilichofuata. Kila asubuhi nilikamua maziwa kwenye kikombe nikayamwaga, ili yasikauke, kwa kuwa niliambiwa yakikauka mtoto hatarudi kwenye ziwa tena. Chumba kile kilikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha, na rafiki yangu aliwasha udi. Kisha hata kwa kukamua yakapungua, yakawa matone, yakaisha. Siku yalipoisha nilikaa bafuni na kikombe kikavu mapajani mpaka mtu akagonga mlango. Watu waliniambia subiri, haki ya mama ipo kwenye sheria. Ilikuwapo, na mwishowe nikaipata, imeandikwa na kupigwa muhuri. Lakini mtoto mchanga hakui kwa kufuata vikao.

Nilipofika Kizingitini na hukumu yangu, Athman alikuwa baharini, na mama yake alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko anakuna nazi. Hakunipigia kelele. Alikuwa amezeeka kidogo tangu nimwone, na nikaona mikono yake ina makovu ya kuungua, ya uji, ya kulea. Nuru alitoka nyuma yake akitembea. Nilimwacha akishika kitanda, na sasa alikuwa anatembea, amevaa gauni nisilolijua, nywele zimesukwa kwa mtindo nisioujua. Nikachutama, nikamwita. Alinitazama kwa adabu, kama wanavyotazamwa wageni, halafu akauficha uso kwenye leso ya bibi yake na kusema, "Mama, nani?"

Alikuwa amejifunza kusema. Hilo neno hakuwahi kuniambia mimi.

"Mtukue mwanao," alisema yule mwanamke. "Sikumtuma mtu mimi. Niliambiwa weye umemtupa." Akambandua vidole kwenye leso, kimoja kimoja, akanikabidhi. Nuru alinipiga kifuani, akanipiga usoni, akainama nyuma mpaka nikaogopa ataniponyoka. Kwenye boti abiria walihama upande mwingine kunipa nafasi, na mzee mmoja akasema mtoto ana njaa, mnyonyeshe. Nilifungua kifungo, nikamtolea ziwa, ingawa nilijua hakuna kitu. Akageuza uso. Alikuwa ameunyoosha mkono kuelekea gatini, kwa bibi yake, aliyetufuata akabaki amesimama na mbuzi ya nazi mkononi, anaita mama, mama, na mimi nikamwambia sikioni, mimi hapa, mama ni mimi, nikarudia mpaka sauti ikanikauka, naye hakugeuka.